Sufuria Zilizong'aa Kupita Kiasi

Tangu niache kazi, vijana mliobaki dukani Kitshanga mnanitumia maswali kupitia kila dereva wa kamyo anayepanda huku. Sufuria gani imfae mama mwenye watoto sita? Mashine gani ya kahawa haitarudishwa baada ya wiki moja? Nimechoka kujibu vipande vipande, basi naandika yote mara moja. Cheo na mshahara sitavizungumzia, maana havikunifundisha kitu. Nitasema niliyofundishwa, na kosa moja ambalo hadi leo linanitoa jasho.

Mimi ni mtu wa Kibabi. Kabla ya duka nilikuwa msaidizi jikoni kwa mkulima mmoja wa kahawa, Mzungu, nikiosha, nikimenya na kusaga. Vita vya Wazungu vilikuwa bado vinaendelea ng'ambo nilipoacha jiko lile na kwenda kuomba kazi Kitshanga. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati na baraza mbele. Upande mmoja vitambaa na chumvi, upande wa pili vyombo vya jikoni. Upande huo wa vyombo ulikuwa chini ya Papa Anselmi.

Papa Anselmi alikuwa mpishi mstaafu, mwembamba, mwenye alama za moto kwenye mikono yote miwili. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha rafu wala bei. Alinipeleka nyuma ya duka, kwenye mafiga matatu, akanipa maharagwe na vyungu vinne: nyungu ya udongo, sufuria ya aliminiamu, sufuria ya emaye na chungu cha chuma kizito. Akaniambia nipike maharagwe yale yale katika kila kimoja, kimoja baada ya kingine, halafu nimweleze. Ilinichukua siku tatu. Niliunguza vyungu viwili. Alipoonja hakukasirika. Alisema, "Muzuri. Sasa hauwezi kudanganya muntu."

Nilichojifunza siku zile tatu ndicho nilichouza miaka yote. Aliminiamu hupata moto haraka na hupoteza moto haraka. Ni nzuri kwa maji na uji, lakini bugali huishika chini ikiwa bati lake ni jembamba. Emaye, lile bati lililopakwa rangi ngumu kama kioo, haibadilishi ladha ya kitu chochote, hata ndimu, ila ikianguka kwenye jiwe hubanduka, na pale ilipobanduka hushika kutu. Chungu cha chuma hudumu kuliko ndoa nyingi, lakini mwanamke anayetoka mtoni na mtoto mgongoni hana haja ya kuinua mzigo mwingine. Nyungu ya udongo haina mpinzani kwa sombe, yale majani ya muhogo. Tatizo lake ni safari na watoto.

Alinifundisha pia kumpima mnunuzi kabla ya kupima chombo. Swali la kwanza halikuwa "Unataka nini?" bali "Unapikia wapi?" Sufuria ya kitako kilicho bapa inakaa vizuri juu ya mbabula ya makaa. Juu ya mafiga inateleza, na chakula cha watu wanane kinaenda majivuni. Swali la pili: nani ataiinua? La tatu: nani ataiosha? Wanaume walikuwa wakijibu la kwanza na kunyamaza kwa mengine mawili. Hapo Papa Anselmi aliwaambia kwa heshima warudi na mama wa nyumba.

Kisha kulikuwa na majaribio. Weka sufuria juu ya ubao ulionyooka, uone kama inayumba. Jaza maji, iache juu ya karatasi, urudi baadaye utazame kama karatasi imelowa. Vuta mkono wake kwa nguvu zako zote, maana ukikatika dukani ni aibu tu, ukikatika jikoni ni mtoto aliyeungua. Na chombo cha namna usiyoijua, kidondoshee ndimu ndani, subiri kidogo, halafu gusa kwa ulimi. Ikiwa ndimu imegeuka, ikivuta ulimi kama umelamba msumari, chombo hicho si cha chakula. Papa Anselmi alikuwa na ndimu mfukoni kama wengine walivyo na tumbako.

Alifariki mwaka ule vita vilipoisha, kwa ugonjwa wa kifua. Upande wa vyombo ukawa wangu.

Baada ya vita sufuria zilikuwa haba. Watu walikuwa wanaziba matundu kwa vitambaa na lami, na mama mmoja alikuja kuniuliza kama nina mfuniko tu, sufuria ataitafuta baadaye. Ndipo bwana mwenye duka, Mzungu ambaye jina lake naliacha, alipoleta kamyo yenye sufuria ishirini za namna ambayo sikuwahi kuiona. Zilikuwa kubwa, nyepesi, na zinang'aa. Ziliundwa kwa bati la mapipa, kisha zikachovywa katika ile dawa ya rangi ya fedha inayopakwa ndoo na mabati ya nyumba, ambayo huitwa zinki. Hakusema zilitengenezwa wapi, nami sikuuliza. Ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wamejaa baraza hadi barabarani, wakazipigia kelele kabla sijazishusha zote.

Sikudondosha ndimu. Nilijiambia nitafanya jioni. Hadi jioni nilikuwa nimeuza kumi na moja, na nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na furaha kwa sababu watu walikwenda nyumbani wameridhika. Ukweli ni kwamba nilisahau.

Mwezi haukuisha. Fundi wa dispanseri, yaani muuguzi aliyekuwa akizunguka vijiji kutoa dawa, alirudi kutoka upande wa Walikale akapita dukani kununua sabuni. Tulikuwa tunafahamiana. Akanieleza habari ya kijiji cha Buleusa kama mtu anavyoeleza habari za njiani. Mama Veronika, mjane mwenye watoto watatu, alipika kasiksi kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa shemeji yake. Watu karibu ishirini walikunywa pombe ile ya ndizi, na haikupita muda wakaanza kutapika, wote, wazee kwa vijana. Kesho yake wote walikuwa wazima. Lakini watu walikuwa wamekwisha kusema neno sumu. Walisema alikuwa na uchungu na ukoo wa mume wake tangu mume alipokufa. Kaka mkubwa wa marehemu, Papa Zakaria, alikuwa ameamua arudishwe kwao na watoto wabaki.

Nilimuuliza fundi kasiksi ile ilitiwa katika chombo gani. Hakujua. Alikumbuka tu kwamba kilikuwa kizuri sana, kinang'aa. Nami nikamkumbuka mjane wa Buleusa kati ya wanunuzi wa ile siku ya soko.

Fundi alipoondoka nilikata ndimu. Nilichukua mojawapo ya zile sufuria tisa zilizobaki, zilizowekwa kwa soko kubwa lijalo, nikadondosha, nikasubiri. Ndimu ilitoa mapovu madogo madogo na kugeuka kama maji ya chokaa. Nikagusa kwa ulimi: msumari, na pombe ya ndizi ni chachu kama ndimu. Niliketi chini kwenye sakafu ya duka.

Bwana mwenye duka hakutaka niende. Hakupiga kelele. Alinieleza kwa utulivu kwamba nikisimama mbele ya kijiji na kusema sufuria ni mbaya, hakuna mtu atakayenunua hata kijiko kwetu, na kwamba mambo ya ukoo wa watu hayatuhusu. Akasema fundi angeweza kuandika barua. Nilimjibu kwamba barua haitamwachia mama yule watoto wake. Nikamwomba siku zangu za mapumziko zote. Akasema niende, ila akaongeza kwamba hajui kama atakuwa na kazi ya kunipa nikirudi. Mke wangu alipoambiwa alinifungia viazi na chumvi.

Ni siku tatu za mguu, ukishuka kutoka kwenye vilima vya ng'ombe na kuingia msituni, ambako njia ni ya matope na madaraja ni ya kamba za mwitu. Njia nzima nilikuwa natunga namna ya kusema. Nilianza na hotuba ndefu juu ya zinki. Siku ya pili niliifupisha. Siku ya tatu niliona kwamba hotuba nzima ilikuwa njia ya kuepuka maneno mawili matatu.

Papa Zakaria alinipokea vizuri, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Alikuwa mtu mzito, mzee wa kanisa, na sikumwona kuwa mbaya. Alikuwa ametapika na yeye, na mtoto aliyebatizwa alikuwa wake. Nilimwomba aite ukoo. Walipokaa, nikasema, "Mimi njo niliuzisha Mama Veronika ile sufuria. Niliuzisha bila kuipima. Sumu iko mu sufuria, haiko mu mukono yake."

Mmoja akauliza Mama Veronika amenilipa nini ili niseme vile. Mwingine akasema sufuria haina moyo, itamchukia nani? Papa Zakaria aliwanyamazisha, akaniambia kwa upole kwamba maneno yangu ni maneno tu, na wao waliona kwa matumbo yao.

Basi nikaomba kasiksi iliyopikwa na mke wake mwenyewe Papa Zakaria. Nikaomba nyungu ya udongo na ile sufuria. Tukamimina pombe ile ile, nusu huku, nusu kule, tukafunika kwa majani ya mgomba, na vyombo vyote viwili vikawekwa ndani ya kanisa, mlango ukafungwa na ufunguo akabaki nao Papa Zakaria. Kesho yake mchana watu walikuja wengi kuliko waliokuja kwenye ubatizo. Nilimwomba yeye anywe ya nyungu. Mimi nikachukua kikombe, nikachota kutoka kwenye sufuria.

Ninyi vijana mnapenda kuniuliza kama niliogopa. Niliogopa kwamba sitaumwa. Tumbo langu ni gumu, na kama ningebaki mzima ningekuwa nimemmaliza mama yule kwa mkono wangu mwenyewe. Ladha ilikuwa ya msumari. Nilikunywa vikombe viwili ili kuwa na uhakika.

Haikuchukua muda. Nilitapika mbele ya watu wote, kisha nyuma ya kanisa, kisha sikuweza tena kusimama. Papa Zakaria, ambaye hakupatwa na kitu, aliketi karibu yangu hadi jua liliposhuka, akinishika kichwa kama mtu anavyomshika mtoto mgonjwa. Nilipoweza kufungua macho, alikuwa ameishika sufuria ile mapajani, anaigeuzageuza.

Alisema, "Tulitaka kufukuza mama wa watoto yetu juu ya hii kitu." Kisha akainuka, akaenda nyumbani kwa Mama Veronika. Alichomwambia sikukisikia, nami sikuuliza. Niliona tu watoto watatu wakitoka nje mbio kwenda kuchota maji, kama watoto wanavyokwenda siku yoyote.

Mama Veronika mwenyewe alikuja baadaye na uji katika nyungu ndogo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, macho yamemvimba. Nilikuwa nimejitayarisha kuomba msamaha. Hakunipa nafasi, na hakunishukuru pia. Alisubiri ninywe uji, halafu akauliza, "Papa, zile zingine ziko kwa nani?"

Kwa siku zote tatu za njiani sikuwahi kulifikiria swali hilo. Nilikuwa nimemfikiria yeye, na mimi mwenyewe, na kazi yangu. Sufuria kumi zilikuwa bado jikoni mwa watu. Nikamwambia ninazozikumbuka. Yeye alikuwa na ndugu katika kijiji cha Kalembe na watu wa sokoni aliowajua kwa sura, akanitajia nyingine tatu. Kesho yake asubuhi aliwaacha watoto kwa mke wa Papa Zakaria, akajitwisha mzigo, akanisindikiza siku nzima hadi kijiji cha kwanza. Pale nilipoanza kueleza habari za zinki, alinikata maneno, akamweleza mama wa nyumba kwa sentensi mbili. Sufuria ikatolewa bila ubishi.

Tisa nilizipata. Ya kumi watu waliohama walikuwa wamekwenda nayo mbali, nikatuma habari kwa kila dispanseri niliyoipita, na mwisho wake sikuujua. Zile tisa, pamoja na ya Mama Veronika na zile zilizobaki dukani, nilizitoboa kitako kwa msumari na nyundo, moja baada ya nyingine, barazani, mchana, watu wakitazama. Waliozitaka walizichukua kupandia miche ya kabichi. Kila aliyerudisha alipewa nyingine ya aliminiamu, hata kama ilimbidi asubiri kamyo ijayo.

Bwana mwenye duka hakusema nami kwa siku tatu. Siku ya nne aliweka sanduku jipya la vyombo juu ya meza, akaweka ndimu juu yake, akatoka. Ndivyo nilivyojua kwamba bado nina kazi. Watu hawakuacha kununua. Walianza tu kuniuliza, "Hii uliilamba?" Nikawa najibu ndiyo, kwa kuwa nilikuwa nimeilamba.

Miaka ya hamsini vyombo viliongezeka, na ndipo zilipokuja mashine za kahawa. Walimu, makarani na mafundi wa dispanseri walikuwa wanajenga nyumba zenye sebule, na sebule ilitaka kitu cha kuonyesha wageni. Nilikuwa na aina tatu. Ya kwanza ni ile Wazungu waliyoiita perkolateri: birika refu lenye bomba ndani, maji yanapanda, yanamwagikia kahawa, yanashuka, yanapanda tena. Ni nzuri kwa nyumba yenye wageni wengi. Lakini mtu akiisahau jikoni, kahawa inachemka mpaka inakuwa dawa ya minyoo, na yale mabomba na visahani vyenye matundu vikipotea kimoja, umebaki na birika la maua. Ya pili ni ile ndogo ya vipande viwili vinavyofungwa kwa kuzungusha, inayosukuma kahawa juu kwa nguvu ya mvuke. Hutoa kahawa kali, vikombe viwili vitatu. Ina mpira ndani ambao huisha, na kitundu cha usalama ambacho lazima kisafishwe, vinginevyo ni hatari. Sikuiuza kamwe bila kumwonyesha mnunuzi kitundu kile, na kumwekea mpira wa akiba.

Ya tatu haikuwa mashine hasa. Ni birika la emaye na mfuko wa kitambaa wenye mkono wa waya. Unamwaga maji ya moto juu ya kahawa, basi. Haina cha kuharibika. Kitambaa kikichoka, unashona kingine. Kwa sababu ni rahisi hivyo, hakuna aliyeitaka. Mwalimu mmoja aliniambia hakusoma miaka yote ile ili achuje kahawa kwa soksi. Akanunua perkolateri kubwa yenye kifuniko cha kioo. Miezi michache baadaye nilimtembelea nikaikuta juu ya kabati, ina maua ya karatasi, na mke wake akatuletea chai.

Mwaka wangu wa mwisho, asubuhi moja ya ukungu, waliingia dukani wazee wawili, Papa Rubeni na mke wake Mama Esteri. Papa Rubeni alikuwa amefanya kazi katika mashamba ya kahawa tangu ujana wake: kupanda, kupogoa, kuchuma, kubeba magunia hadi barabarani. Alikuwa ameachishwa kazi kwa sababu ya mikono, ambayo ilitetemeka. Mama Esteri ndiye aliyesema. Alisema mzee anataka kujua kahawa ina utamu gani, wala asicheke mtu.

Sikucheka. Nilimuuliza kama hajawahi kuinywa. Papa Rubeni alisema alilamba punje mbichi zamani, na mara moja alionja maji ya kahawa yaliyopoa jikoni kwa bwana, yaliyojaa sukari. Nyumbani ilikuwa ni ya kuuza, haikuwa ya kupika. Kisha akatoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kahawa iliyokaushwa na kukobolewa, kutoka kwenye miti michache aliyojipandia nyuma ya nyumba.

Nilifunga upande wangu wa duka. Nilikaanga zile punje ndani ya kikaango cha chuma, polepole, nikitikisa, hadi zikawa na rangi ya udongo wa mvua. Nilimpa Mama Esteri kinu cha mkono azungushe. Nilionyesha mashine zote tatu, lakini nilikuwa natazama mikono ya mzee. Kwa mikono ile, ya kufunga kwa kuzungusha haikufaa, na perkolateri ndefu ingemmwagikia. Nikachukua birika dogo la emaye, lile lenye mkono mpana ambamo vidole vinne vinaingia, na mfuko wa kitambaa. Nikamwacha amwage maji mwenyewe. Yalimwagika kidogo mezani, hakuna aliyejali.

Aliketi barazani na kikombe kwa mikono miwili, bila sukari, kwa kuwa alikataa. Alikunywa funda moja. Akanywa la pili. Mama Esteri alimtazama kama mtu anayesubiri mgonjwa aseme panapouma. Ukungu ulikuwa unainuka kutoka kwenye vilima, na miti ya kahawa ilianza kuonekana kwa mistari upande wa pili wa bonde.

Mzee akauliza kama kahawa yote waliyokuwa wakiichuma ilikuwa na ladha hii. Nikamwambia ya kwake ni nzuri kuliko nyingi nilizowahi kupika, na sikumdanganya.

Alitazama ile mistari ya miti ya kahawa ng'ambo ya bonde.

"Kumbe," alisema, "ile miaka yote nilikuwa natumika kazi muzuri."

Mama Esteri alimpokonya kikombe taratibu, akanywa kilichobaki.